Nota za juu: maswali ninayoulizwa mazoezini, Moshi

Nafundisha kuimba hapa Moshi: kwaya mbili, na wanafunzi wachache wanaokuja nyumbani Pasua jioni wakitoka kazini. Wengi ni wa kwaya, wawili ni wa kaswida, mmoja anaimba na bendi kwenye mahoteli. Wote wana hamu moja, kupanda juu. Nimeyakusanya maswali yao hapa kwa sababu nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti saa nne usiku, halafu kesho yake sauti yangu ndiyo inakwaruza.

Mwalimu, kwa nini nota ya juu inanikatikia hata nikikaza vipi?

Inakukatikia kwa sababu unakaza.

Weka kidole kooni, umeze mate. Kile kinachopanda na kushuka ni zoloto, na ndani yake kuna nyuzi mbili za sauti. Ni fupi kuliko watu wanavyodhani: kwa mwanamke mtu mzima ni kama sentimita moja hadi moja na nusu, kwa mwanamume zinaweza kufika mbili na kitu. Hewa ikipita katikati yake, zinagongana. Ukiimba A iliyo juu kidogo ya katikati ya kinanda, ile wanayoitumia watu kulinganisha vyombo, zinagongana mara 440 kwa sekunde. Ukipanda oktava moja, yaani mpaka A inayofuata juu yake, mara 880. Kifua hata kiwe cha mbeba magunia hakiwezi kuzilazimisha ziende kasi hiyo. Zinaifikia zikivutwa, zikawa ndefu na nyembamba.

Nina kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ambacho hukaa kwenye mkoba wangu wa nota. Mmoja anakishika ncha mbili, mwingine anakidonoa. Kikiwa kimelegea, kinatoa mlio mzito. Kikivutwa, mlio unapanda, wala aliyekidonoa hakuongeza nguvu. Akiongeza nguvu bila kukivuta, anapata kelele tu.

Sasa, misuli inayofanya kazi hiyo ni ya aina mbili na inavutana. Mmoja unazifupisha nyuzi na kuzinenepesha, mwingine unazirefusha. Kwenye nota za chini anatawala yule wa kwanza, tumwite mnene. Unapopanda, mnene anatakiwa amwachie mwenzake nafasi kidogo kidogo. Anayekaza anamng'ang'ania mnene mpaka mwisho wa njia, mnene anashindwa ghafla, na sauti inaruka kama gari lililochomoka gia kwenye mlima. Huko ndiko kukatika.

Kwa hiyo mtu akiniletea nota iliyomkatikia, mimi sina haja nayo. Nataka kusikia tatu zilizo chini yake. Nina mtenori mmoja, fundi wa kuchomelea, ana kifua kama ngoma. Wimbo ulikuwa na *so la ti do*, na *do* ilikuwa inamtoka kama mlango wa bati. Nikamwambia: imba *so* kama unamsimulia mtoto hadithi. *La* iwe ndogo zaidi ya hapo. *Ti* usiongeze kitu. Tulikaa kwenye *so* na *la* tu kama dakika ishirini, akawa anaona namchezea. Tulipoiachia *do* mwishoni, ilitoka nyepesi, safi, naye akageuka nyuma kuangalia ni nani aliyeimba.

Nimewekwa alto. Naweza kuhamia soprano?

Inategemea kwa nini uliwekwa alto, sauti ya kike ya chini, badala ya soprano, ile ya juu. Swali hili linanigusa mwenyewe.

Kwaya yangu ya kwanza iliniweka alto nikakaa huko miaka tisa. Hakuna aliyenipima. Nilikuwa nasoma nota, na alto walihitaji mtu wa kuwashikilia wasipotelee kwenye soprano. Basi. Nikaamini sina sauti ya juu, na kwa kuwa sikuitumia, kweli ikawa haipo. Nimeona hadithi hii kwa wengi: mwenye kusoma nota anapelekwa sauti ya pili, mwenye kelele anapelekwa ya kwanza, kijana mrefu anapelekwa besi eti kwa kuwa ni mrefu.

Sauti hupimwa kwa mahali inapokaa bila shida kwa muda, siyo kwa nota ya juu kabisa uliyowahi kuigusa ukiwa bafuni. Nota nane au kumi ambazo unaweza kuziimba nusu saa bila kuchoka ndizo nyumbani kwako. Kama nyumbani kwako ni juu, hamia. Kama ni katikati, alto siyo adhabu. Na utajifunza kupanda ukiwa huko huko.

Mimi sina kabisa sauti ya juu. Nimezaliwa hivi.

Akina mama ndio wanaoniambia hivi, na huwa nawauliza lini mara ya mwisho walipiga vigelegele.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa ndizi pale Mbuyuni, aliniapia mbele ya kwaya nzima kwamba haipati hata *mi* ya juu ya wimbo tuliokuwa tunajifunza. Nikamwambia apige kigelegele. Akacheka, akaweka kiganja mdomoni, akapiga. Mpiga kinanda akakitafuta kwenye kinanda chake: kilikuwa juu ya ile *mi*, na mama hata mshipa wa shingo haukusimama. Tofauti ni kwamba kigelegele hakiogopi. Hakuna aliyemwambia kuwa ni nota.

Waliokulia mlimani, Kibosho, Uru, Marangu, wana jingine: kumwita mtu ng'ambo ya korongo. Huwezi kumwita kwa sauti ya kifua, itaishia migombani. Unaita kwa *uuu* ya juu, inavuka bonde. Ianzie hapo. Ita kwanza, kisha iguse ile *uuu* kwa upole zaidi, kisha ishushe polepole kama unateremka ngazi. Kushuka nayo ni rahisi kuliko kuipandia, na ukishaijua njia ya kushuka, ya kupanda ni ile ile.

Falseto, sauti ya kichwa, sauti ya kifua: tofauti ni nini?

Majina yanaeleza mahali unapohisi mtetemo. Sauti yote hutoka kwenye zoloto, hakuna inayotoka kichwani. Ya kifua ni nyuzi zikiwa nene na zikigusana kwa eneo kubwa. Ya kichwa ni nyembamba lakini bado zinafunga vizuri. Falseto, hasa kwa wanaume, kingo tu ndizo zinazotetema na hewa nyingi inavuja, ndiyo maana inasikika kama ina upepo na inamaliza pumzi haraka.

Wanaume wengi wa kwaya wanaionea aibu falseto, wanasema ni sauti ya kike. Mimi naitumia kila siku kufundishia. Mwanamume anayeweza kuanza na falseto laini, akaijaza kidogo kidogo bila kuruka, tayari ana nota za juu mkononi. Wale waimbaji wa rumba ya Kongo waliotawala redio za wazazi wetu walikuwa wanapita juu huko wakitabasamu, na sijasikia mtu akiwaita wanawake.

Sehemu ya kuvuka kutoka kifua kwenda kichwa ina tabu yake. Kwa tenori nyingi huwa kati ya E na G zilizo juu ya C ya katikati. Kwa wanawake iko moja chini, karibu na E na F hizo hizo, na nyingine oktava moja juu yake. Ukijua daraja lako liko wapi, hutashangaa ukilifikia. Unaanza kupunguza uzito kabla.

Nimeambiwa niimbe kwa tumbo. Natokwa jasho lakini sipandi.

Kwa sababu umeelewa kwamba tumbo likazwe kama la bondia. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kazi yake ni kuvuta hewa *ndani*. Unapoimba, kinachotakiwa ni kuizuia hewa isitoke yote kwa mkupuo. Vuta pumzi kimya, mbavu za pembeni zifunguke, kisha toa *sss* ndefu na sawasawa kama tairi linalovuja. Ukifika sekunde ishirini bila kutetereka, inatosha kwa nyimbo zetu.

Na kwa nota ya juu, hewa inatakiwa *kidogo*. Wengi wanavuta pumzi kubwa kabla ya kilele, mabega yanapanda, shingo inakaza, mlango umefungwa kabla hawajagonga.

Nipe mazoezi. Mazoezi yenyewe, siyo nadharia.

Haya. Chukua glasi, jaza maji nusu, weka mrija uzame kama upana wa vidole viwili. Imba *u* kupitia mrija, mapovu yatoke. Anza nota ya katikati, telezesha juu polepole, rudi chini. Zoezi la mrija limeenezwa sana na mtafiti wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, na maelezo yake ni mepesi: njia ikibanwa mdomoni, hewa inarudisha msukumo kidogo nyuma, nyuzi zinatetema bila kugongana kwa nguvu. Unapanda juu kwa gharama ndogo.

Mapovu ni shahidi asiyedanganya. Yule mama wa ndizi nilimpa mrija mwembamba wa pakiti ya maziwa. Akapanda vizuri, mapovu yanachemka kama maji ya ugali, akafika mahali yakasimama. Sauti nayo ikasimama. "Hapo," nikamwambia, "umejibana koo." Alikuwa hajui. Akarudi nota mbili chini, akapita tena taratibu, mapovu hayakukatika. Zoezi la siku ile lilikuwa hilo tu.

Usipokuwa na mrija, tetemesha midomo kama mtoto anayeiga pikipiki.

Baada ya hapo nenda kwenye *ng'*, ile ya *ng'ombe*. Wazungu wengi hupata shida kuanza neno kwa sauti hii, sisi tumezaliwa nayo. Shikilia *ng'* ukishuka *so mi do*, halafu panda nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda, tena, tena. Ukifika mahali unapohisi ulimi unajivuta nyuma, rudi. Kisha ifungue *ng'* iwe *a* bila kubadilisha kitu kingine chochote kooni. Wengi wanapoteza kila kitu pale wanapofungua mdomo, kwa hiyo fungua polepole, kama mlango wa chumba alimolala mtoto.

Mwisho chukua kipande kile cha wimbo kinachokusumbua, siyo wimbo mzima. Ondoa maneno, kiimbe kwa *mu mu mu*. Kisha kwa irabu za maneno yake tu. Kisha kwa maneno. Kikikataa kwenye maneno, tatizo siyo urefu wa nota, ni matamshi.

Yote hayo ni robo saa, mara moja kwa siku. Robo saa kila siku inashinda saa mbili za Jumamosi.

Kuna herufi zinazonisumbua juu kuliko nyingine. Ni mimi au?

Siyo wewe peke yako. Kiswahili kimetubariki: karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, ukiacha maneno machache ya kukopa na ile *m* au *n* inayosimama peke yake, kwa hiyo kuna mahali pa kushikilia. Lakini *i* na *u* zinafanya mdomo mdogo, na mwanamke akishapita D au E ya juu mdomo mdogo unambana. Soprano wazoefu wanashusha taya kadiri wanavyopanda, mpaka juu kabisa irabu zote zinakaribia kuwa *a*. Msikilizaji haoni tofauti, maneno ameshayajua kutoka ubeti wa kwanza.

Wanaume ni kinyume kidogo. *A* iliyo wazi sana kwenye daraja inageuka yowe. Ielekeze kwenye *o*, iwe duara, utasikia inaingia ndani na kupita.

Itachukua muda gani?

Mtu ambaye hajafundishwa huwa na oktava moja na nusu hadi mbili. Kwa wanafunzi wangu, anayefanya robo saa kila siku hupata nusu toni mbili au tatu za uhakika ndani ya miezi michache. Kuna wanaopata zaidi haraka, lakini hao mara nyingi walikuwa nazo tayari, walikuwa wamezifungia tu kama mimi miaka ile tisa.

Na tofautisha nota unayoigusa na nota unayoweza kuiimbia. Ukigusa A mazoezini, mbele ya watu jitegemee kwa F. Siku ya siku kuna woga, kuna joto la joho, kuna mchungaji aliyeongeza nusu saa ya mahubiri.

Mayai mabichi yanasaidia? Tangawizi? Ndimu? Karafuu?

Mayai mabichi, hapana. Najua bado kuna wanaogonga yai bichi mlangoni mwa kanisa kabla ya kuimba. Unapomeza chochote, kuna kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa, kwa hiyo yai, asali, ndimu, vyote vinapita nyuma, havizigusi nyuzi hata kidogo. Zingeguswa ungepaliwa. Yai bichi linaweza kukupa salmonela ukaishia chooni wakati wenzako wanaimba.

Chai ya tangawizi na asali inafariji koo na inakufanya unywe kitu cha moto, sina ugomvi nayo. Ndimu nyingi inaweza kuamsha kiungulia. Karafuu na zile pipi kali za menthol zinatia ganzi, na koo lenye ganzi halikuambii unapojiumiza.

Maji ndiyo yenyewe, lakini siyo yale ya dakika ya mwisho. Yanafika kwenye nyuzi kwa kupitia damu, kwa hiyo kunywa tangu asubuhi. Mvuke wa maji moto unaovutwa kwa pua taratibu ndio unaofika moja kwa moja. Januari na Februari, vumbi likiwa limesimama barabarani, nawaambia wafanye hivyo jioni.

Kitu kinachoharibu sauti za juu hapa mjini kuliko vumbi, kwa maoni yangu, ni kula usiku. Mazoezi yanaisha saa tatu, watu wanapitia nyama choma, wengine na kibuyu cha mbege, saa tano wamelala. Asidi inapanda mpaka kwenye zoloto, asubuhi sauti nzito, mtu anakohoakohoa kusafisha koo mpaka mchana. Acha muda wa saa tatu kati ya chakula na kitanda.

Wimbo wetu uko juu sana kwa kila mtu. Tufanye nini?

Shusheni kii, yaani wimbo wote uanzie nota ya chini zaidi. Siyo dhambi. Kwaya ya watu thelathini inajifunza wimbo kutoka kwenye simu, ulirekodiwa na mwimbaji mmoja mwenye sauti nyembamba, basi wote wanalazimika kuishi kwenye kii yake. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha kii, mpiga kinanda hata vidole hahamishi. Shusheni nusu toni mbili mwone. Msishushe sana tu, maana besi watabaki wanakoroma.

Mimi ni mgumu, mbeba mizigo wa Kilimanjaro, napandisha wageni. Nikishuka mlimani sauti imekwenda. Kwa nini?

Nina wagumu wawili kwenye kwaya na wote wana shida hii. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na hewa ya huko ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Unahema kwa mdomo siku nzima, hewa yenyewe kavu na baridi, nyuzi zinakauka. Juu ya hapo mnaimbia wageni kambini, Horombo kwenye mita 3,720, kwa sauti ya kushindana na upepo.

Hamjaumia, mmekaukiwa na kuchoka. Mlimani pumua kwa pua kila unapoweza, funika mdomo kwa skafu, na wimbo wa wageni uimbwe chini na wengi. Ukishuka, siku mbili bila mazoezi. Siku ya tatu mrija na maji. Nimewahi kumrudisha nyumbani mmoja aliyekuja mazoezini na buti bado zina udongo wa mlima.

Kwenye mkutano wa hadhara nashindwa kabisa kupanda, lakini nyumbani naweza.

Husikii sauti yako mwenyewe. Mtu asipojisikia hupaza sauti bila kujua, na ukipaza unamrudisha yule msuli mnene. Omba spika moja iwaelekee ninyi. Ikishindikana, ziba sikio moja kwa kidole, utajisikia kupitia mifupa ya kichwa. Hakuna atakayekucheka, watadhani ni mtindo.

Nikipwelewa na sauti, ni lini niende hospitali?

Mafua yakikushika, sauti ikaondoka siku tano, sita, nyamaza tu. Nimesema nyamaza, siyo nong'ona: kunong'ona kwa nguvu kunachosha nyuzi vile vile. Ukipitisha wiki tatu bado unakwaruza, nenda. Kama kuna maumivu, damu, shida ya kumeza au kupumua, au sauti imekatika ghafla katikati ya wimbo kama waya, usingoje hata hizo wiki tatu. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana kliniki ya masikio, pua na koo.

Daktari atataka kuziona nyuzi kwa kamera ndogo. Inanifurahisha kwamba kazi hii ilifunguliwa na mwalimu wa kuimba: mwaka 1854 Manuel García, Mhispania, alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Siku hizi wanaona mpaka vinundu, vile vinavyoota kama sugu mahali nyuzi zinapogongana kwa nguvu kila siku. Usikimbilie kisu. Vinundu vingi hupungua kwa kupumzika na kujifunza kuimba upya. Mwimbaji wa Uingereza Julie Andrews alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1997 na sauti yake ya kuimbia haikurudi kama ilivyokuwa.

Mwanangu wa kiume alikuwa soprano mzuri, sasa sauti inaruka ruka.

Anabalehe. Zoloto linakua haraka kuliko anavyoweza kulizoea. Aimbe pale panapotoka kwa urahisi, abadilishe mstari wiki kwa wiki, na msimwite jogoo.

Siku fulani za mwezi sipandi kabisa. Ni mawazo yangu?

Siyo mawazo. Homoni zinaweza kuzivimbisha nyuzi kidogo siku chache kabla ya hedhi. Kama unaweza, usipange kurekodi siku hizo, na usilazimishe kilele.

Nijirekodi kwa simu?

Ndiyo, na usikilize kesho yake, siyo pale pale. Programu za kuonyesha nota zipo za bure, zitakuambia kama unashuka. Ila usijilinganishe na nyimbo za bongo fleva unazozisikia redioni, nyingi zimenyooshwa na kompyuta.

Nota ikinikatikia mbele ya watu, nifanye nini?

Nyamaza kwa nota hiyo, funga mdomo kwa heshima zako, vuta pumzi kwa pua, ingia mstari unaofuata chini kidogo ya ulivyozoea. Kosa kubwa ni kuifukuza ile iliyokwisha kukimbia. Ukiifukuza unaikosa na inayofuata.

Mimi ilinikuta harusini, Majengo, mwaka wangu wa pili tangu nitoke alto. Nilikuwa naimba peke yangu, bibi harusi anaingia, na kwenye *la* nilikuwa nimeshapiga kelele kwa sababu ya furaha. Nilijua kabla sijafika. *Do* ikafunguka ikawa hewa tupu. Nikafunga mdomo. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa amesimama mstari wa mbele, akadhani nimemwachia nafasi. Akapiga kigelegele kirefu pale pale kwenye ile *do*, wenzake wakamdaka, ukumbi mzima ukalipuka, mpiga kinanda akarudia kiitikio. Nikaingia kwenye *so*, kwa sauti ndogo.